Mstari wa Jiwe Jeusi

Jumatatu, 11 Septemba 2023

Nimehamia kwa Ma Benigna leo. Chumba cha uani, kitanda cha mbao, dirisha linatazama migomba. Kule gesti ya Nshamba muziki wa baa ulinimaliza. Hapa kimya. Ma Benigna ana redio lakini anasema betri ziliisha tangu Pasaka, naye hajaona sababu ya kununua nyingine.

Betri! Nilicheka peke yangu. Maana jiwe tunalolitafuta hapa ndilo limo ndani ya betri. Injinia Evelyne katueleza asubuhi — manganizi. Ule unga mweusi unaokushika vidole ukivunja betri ya tochi. Mimi naufahamu. Shuleni kwetu Kondoa tulikuwa tunaponda betri zilizokwisha, tunachanganya na majani, tunapaka ubao. Shule niliachia la tano lakini ubao nilikuwa napaka vizuri kuliko wote.

Mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye mistari ya viganja. Sabuni haikusaidia. Ma Benigna akanitazama, akaenda jikoni, akarudi na ndimu na jivu kidogo. Ikatoka. Anasema marehemu mumewe, Philbert, alikuwa akichimba shimo la taka anarudi hivyo hivyo.

Mgongo unauma. Chakula kizuri. Nalala.

Alhamisi, 14 Septemba

Kilimani juu ya nyumba kuna mashimo ya zamani. Kabla ya Uhuru mzungu mmoja alikuwa na kitalu chake hapa. Akachimba miaka kadhaa, akaondoka. Kwa nini aliondoka, hakuna anayejua. Mashimo yamejaa magugu. Pembeni kuna safu ya miti myembamba iliyonyooka, majani marefu ya kijani, kama mtu aliipanga. Sasa leseni ya eneo anayo Faruku, mfanyabiashara wa Bukoba mjini, anataka kujua kama mzungu aliacha kitu.

Jinsi Injinia alivyoligundua jiwe huku chini nimeipenda. Alikuja kusalimia tu. Akaona ukuta wa Ma Benigna umepakwa mkanda mweusi kwa chini, mweusi wa kung'aa. Akauliza rangi umenunua wapi. Ma Benigna akasema rangi gani tena, ni udongo wa hapo nyuma ya jiko, anausaga na kupaka kila Krismasi. Injinia akaacha chai ikapoa.

Leo katuonyesha mambo. Kaburuza jiwe nyuma ya kigae, pale pasipo na rangi: likiacha mstari mwekundu ni chuma, likiacha mweusi ndilo lenyewe. Halafu akatoa ile dawa ya kusafishia vidonda, ya duka la dawa, akalimwagia jiwe. Jiwe likachemka! Povu kabisa, bila moto. Wilbert, mwenzangu wa kuchimba, alirudi nyuma akasema kama ni hivyo yeye anataka posho ya hatari.

Wilbert ni mtu wa Kimwani, mdomo haufungi. Mimi ananiita Mrangi. Jina langu Lukmani analijua vizuri sana.

Nimeokota bapa la jiwe la mchanga lenye michoro kama matawi ya mti, membamba mno. Nilijua ni majani yaliyogeuka jiwe. Injinia akasema hapana, ni manganizi hiyohiyo: maji yaliipenyeza kwenye ufa, yakakauka, ikabaki imejichora. Haijawahi kuwa jani. Nimeliweka dirishani hata hivyo.

Jumamosi, 23 Septemba

Ma Benigna kaenda Bukoba. Binti yake Renatha anaishi Hamugembe na yuko karibu kujifungua, mama atakaa naye mpaka mtoto akaze shingo. Funguo za nyumba kaniachia mimi. Hata wiki mbili hajanijua! Kabla ya kupanda bodaboda kamwambia Injinia vigingi wekeni, mitaro mtachimba tukishakubaliana, na kahawa yangu asiguse mtu.

Basi leo tumeweka vigingi. Wilbert alikuwa amepeleka mawe mjini, kwa hiyo nimekata peke yangu. Ile miti ya kule kwenye mashimo ya mzungu — imenyooka, laini kwa panga, unene wa kukamatika. Kazi imekwisha kabla ya jua kuwa kali. Nikapaka ncha rangi nyekundu ili Injinia avione kwa mbali.

Jiwe jeusi linatembea ndani ya lile la mchanga kama mkanda. Pengine upana wa kitanda, pengine upana wa kiganja. Linatoka kwenye mashimo, linakatisha kibanja chote, yaani shamba la Ma Benigna, kwa ubavu. Juu ya mstari: nyumba, jiko, migomba. Chini ya mstari: kahawa yote, na kaburi la Philbert lenye msalaba wa saruji. Injinia anagonga kwa nyundo, anasema hapa, mimi nashindilia.

Nyuma ya jiko jiwe likapotea. Tukatafuta sana. Mwishowe Injinia akalikuta pembeni, limeruka hatua chache kuelekea bondeni, halafu linaendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea. Akasema zamani ardhi ilikatika hapo, upande mmoja ukasogea. Nikamwambia, yaani mwamba umeteguka. Kama kifundo cha mguu. Akafurahi, akasema ndivyo hasa, umeteguka. Vigingi navyo tukavirusha palepale, vikafuata jiwe.

Injinia kwao ni huku lakini amekulia Dodoma, Kihaya chake ni cha salamu tu. Ananiuliza mimi habari za Dodoma kuliko ninavyomuuliza yeye za Bukoba.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua. Mvua ya kweli, si ile yetu ya Kondoa inayokuja kama mgeni mwenye haraka. Leo hakuna kazi. Nimepika ndizi mwenyewe, na samaki wa jana. Nimefagia uwanja wa mama.

Nimempigia mke wangu. Anasema kwao bado vumbi tupu. Akaniuliza lini narudi, nikasema kazi ikiisha. Akasema nimekuwa nikisema hivyo tangu Mererani. Kweli. Halafu akaniuliza nakula nini nikamweleza, akacheka mpaka salio likaisha.

Mwili umechoka lakini nafsi imetulia. Sijawahi kuandika hivyo. Basi nimeandika.

Jumatano, 18 Oktoba

Jeusi limekwisha.

Mtaro wa pili kule kilimani. Juu lilikuwa nene, zito, koleo moja linakuvunja mkono. Tulipofika kina cha kiuno likaanza kuwa kahawia. Kina cha kifua — jekundu. Halafu jiwe la mchanga la kawaida, limekaa tu. Mtaro wa kwanza hivyohivyo. Injinia akashuka mwenyewe, akaburuza kigae mpaka chini, akatoka.

Kaeleza. Manganizi ilikuwepo tangu mwanzo lakini kidogo kidogo. Mvua za miaka isiyohesabika ziliosha vingine, nyeusi ikabaki, ikajikusanya juu. Ni kofia. Ukiivua kofia, kichwa chenyewe si tajiri. Na yule mzungu bila shaka aliona hilohilo, ndiyo maana alikwenda zake.

Faruku alikuja na viatu vyake vya mjini. Akalitazama shimo muda mrefu kama mtu anayetazama gari lake lililokwama. Hakugomba. Akasema tuzibe mashimo yote, atatuhamishia Karagwe, kuna kazi nyingine ya miezi sita. Fuso itatuchukua katikati ya Novemba.

Mimi sikusikitika sana. Kibanja cha Ma Benigna hakitachimbwa. Nimejikuta nafurahi, na mimi ndiye niliyekuja kukichimba.

Ijumaa, 27 Oktoba

Vigingi vyangu vimechipua!

Nilikuwa napita kwenda msalani nikaona kijani chini ya ile rangi nyekundu. Nikavifuata kimoja kimoja. Vyote. Vina majani mapya, yamekunjwa kama sigara. Nimewahi kupigilia vigingi Geita, Mererani, Kahama. Hakuna kilichowahi kunishukuru.

Nimepalilia kidogo kwenye mashina.

Wilbert kapita jioni kuaga, anakwenda kwao Kimwani kupumzika. Akasimama, akautazama mstari kutoka mwanzo mpaka bondeni. Akasema Ma Benigna ni mtu wa haki, watu walimsema bure. Nikamwambia ni kweli, ni mtu wa haki. Akasema basi huyu mzee atafurahi. Sikumuuliza mzee gani. Niliona anazungumza tu, kama kawaida yake.

Jumapili, 12 Novemba

Leo siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi Ma Benigna karudi. Mjukuu wa kiume, mnene, ana sauti. Mama kaleta senene, panzi wa huku, kutoka mjini, kakaanga, tukala palepale kwenye ngazi ya jiko kabla hajafungua hata mzigo. Alifurahia uwanja ulivyofagiwa. Nyuma ya jiko hakupita.

Saa sita wakaja watu. Mbele mzee mrefu wa kofia ya pama, ameshika kamba ya beberu. Nyuma vijana wawili na mtungi wa lubisi, pombe ya ndizi, umefunikwa majani ya mgomba. Wanaume wengine wa jirani, wasafi, kama wanaokwenda kuposa. Na Wilbert! Kavaa shati jipya, anatabasamu.

Yule mzee ni Kyaruzi, mdogo wake Philbert. Shemeji yake Ma Benigna. Anaishi Kimwani.

Akavua kofia. Akapiga goti moja, mzee yule, mbele ya shemeji yake. Akazungumza Kihaya, halafu kwa sababu yangu na ya Injinia aliyekuwa amekuja kuaga, akarudia Kiswahili:

"Shemeji, waitu, nimekuja kushukuru. Baba alisema upande wa chini ni wangu. Kaka hakutaka kusikia, nikaondoka na hasira. Sasa wewe mwanamke umefanya alichoshindwa yeye. Umepanda mpaka, na umeshika."

Ma Benigna alikuwa ameshika bakuli la senene. Hakulitua.

Akauliza mpaka upi. Wilbert ndiye aliyeonyesha kidole. Mama akaenda nyuma ya jiko, akauona mstari, kijani tupu, majani urefu wa mkono. Alisimama pale mpaka nikaona aibu kumtazama.

Kumbe ile miti ni mulamula. Mtu yeyote wa hapa, hata mtoto anayekojoa kitandani, anajua: mulamula ukipandwa kwenye ardhi ya ukoo ni mpaka, na ukishachipua mpaka umekubaliwa. Ndiyo mahakama yao. Na mimi nimepigilia kwenye kibanja cha mjane, kuanzia juu mpaka bondeni. Nikapalilia.

Wakamkaribisha Ma Benigna lubisi, yeye wa kwanza; kunywa ni kukubali. Akasema ametoka safari, tumbo halijatulia, ataomba aache. Watu wakatazamana. Akamtengea Kyaruzi kiti kizuri, akapika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Beberu wamemfunga kwenye mgomba wa mbele. Yuko hapo, analia.

Jumatatu, 13 Novemba

Asubuhi nilichukua panga nikaenda nyuma ya jiko. Nilitaka kung'oa vyote kabla jua halijapanda. Ma Benigna akanikuta nimeinama. Hakupaza sauti.

"Baba Lukmani, weka chini hilo panga. Ukiung'oa mulamula ulioshika, bila wazee, mimi ndiye nitakayeitwa mwizi wa ardhi."

Tukakaa. Nikamwambia yote. Kwamba nilikata kwa kuwa ni laini. Kwamba kwetu hakuna mti huo, kwetu mpaka ni jiwe au ugomvi. Alicheka kidogo, nikaumia zaidi.

Kaniambia kilichopo chini ya mstari. Kahawa yote, ambayo ndiyo inamlisha. Na Philbert. Alishaonyesha mahali pake yeye mwenyewe, ubavuni kwa mumewe. Pakiwa pa Kyaruzi, atazikwa kwa ruhusa yake.

Nikasema basi mwambie Kyaruzi ni makosa ya kibarua. Akasema akisema yeye ataonekana amepanda, akajuta, akasingizia mgeni. Mzee aliyepiga goti mbele za watu, uende kumwambia inuka, ulipigia goti vigingi? Hapana. Lazima aseme aliyepanda. Mwenyekiti wa kijiji, Kahangwa, ameita wazee Jumamosi asubuhi.

Jumamosi asubuhi Fuso inaondoka.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimemtafuta Faruku kwa simu. Si mtu mbaya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mambo ya koo yeye hayaingilii, mtu wa biashara akiingia humo hatoki. Akasema nafasi yangu Karagwe ipo. Ila Fuso haisubiri, na asiyekuwemo, nafasi yake anapewa mwingine. Injinia amekwisha kwenda Dodoma. Kanipigia, kasema atakubali kuongea na wazee kwa simu wakimtaka. Kasikitika sana. Anasema yeye ndiye alipaswa kuujua huo mti, bibi yake alikuwa nao mlangoni.

Wilbert naye kaja, kanyong'onyea. Anasema yeye ndiye aliyepeleka habari Kimwani; alidhani Ma Benigna ndiye aliyeagiza vigingi viwe vya mulamula, akaona anapeleka heri. Tukakaa wawili bila utani. Mara ya kwanza.

Kyaruzi analala kwa jirani. Leo nimemkuta kwenye kahawa, anapitisha mkono juu ya majani, polepole. Akanisalimia vizuri. Akaniuliza kwetu mvua zimeanza? Nikasema bado. Akasema pole sana, kana kwamba Kondoa ni mgonjwa wangu. Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Nimempigia mke wangu nikamweleza habari za Fuso. Akasema, nguo zako umefua? Nikasema zimekauka. Akasema basi Jumamosi vaa iliyo safi, ukakae na wazee.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandika nikiwa kwenye ngazi ya jiko. Wamenipumzisha, sasa wanabishana kwa Kihaya.

Tulianza mapema. Kahangwa kakaa katikati, wazee wamezunguka, Kyaruzi upande huu, Ma Benigna upande ule na khanga mpya. Beberu bado yupo. Kahangwa akauliza ni nani aliyepanda. Nikasimama. Nikasema ni mimi, mtu wa Kondoa, sikujua.

Mzee mmoja akacheka, akasema mjane kapata mpangaji mwenye mdomo. Wengine wakaguna. Kyaruzi hakucheka. Akauliza swali, na swali lake lilikuwa la haki: kama mgeni alikuwa anapigilia miti ovyo, mbona imekaa sawasawa kama mpaka, toka juu mpaka chini, palepale baba yangu aliposema?

Nikamwambia haijakaa sawasawa, mzee. Twende nyuma ya jiko.

Tukaenda wote. Nikawaonyesha pale inaporuka. Nikawaambia habari ya mwamba kuteguka, kama Injinia alivyonieleza, maneno yale yale. Kwamba chini ya kila mulamula kuna jiwe jeusi, na ukitoka pembeni kidogo hakuna. Kwamba mimi sikufuata neno la baba wa mtu, nilifuata jiwe. Baba yenu angeupanda mpaka, angeuteguaje hapa nyuma ya jiko?

Hapo ndipo honi ya Fuso ilipolia barabarani. Ndefu. Wilbert alikuwa amesimama na begi lake. Akanitazama. Nikamwambia nenda, unisalimie Karagwe. Akasema, "Mrangi, wewe ni mjinga kweli," akanipa mkono, na macho yake hayakuwa ya utani. Fuso ikalia tena. Baadaye nikaisikia inapanda kilima, gia ya kwanza, ya pili.

Kahangwa akasema basi lichimbwe tuone. Nikachukua jembe. Kyaruzi akaninyang'anya. Hakutaka mkono wangu wala wa kijana yeyote. Kavua kofia, kavua koti, mzee wa umri ule. Kachimba pembeni ya mulamula wa kwanza: jeusi. Wa pili: jeusi. Akatupa jembe, akaendelea kwa mikono. Wazee wakamfuata, wengine wakimwambia imetosha, hasikii. Akafika nyuma ya jiko. Akachimba kwenye mstari ulionyooka, pale ambapo mpaka ungepita. Jiwe la mchanga, jeupe. Akahamia hatua zile chache kuelekea bondeni, kwenye mulamula ulioruka. Akaingiza mkono. Akautoa, mweusi.

Sasa amekaa chini palepale, juu ya udongo alioufukua. Amenyoosha mikono juu ya magoti, myeusi mpaka viwikoni. Anaitazama. Wazee wamegawanyika: wengine wanasema jiwe limesema, wengine wanasema mulamula umeshashika na ardhi haikuukataa, kwa hiyo ni mpaka hata kama aliyeupanda ni mbuzi. Kahangwa anatafuna mdomo. Wanamsubiri Kyaruzi aseme.

Ma Benigna ametoka jikoni. Ana beseni la maji, na jivu kwenye sahani, na ndimu amekwisha kuikata. Amepiga magoti mbele ya shemeji yake, ameweka beseni kati yao. Naona akinawa, mpaka umefutika.

Maji yanatulia. Kyaruzi bado hajaleta mikono.